Basi kuukuu lisilowaka, lililogeuzwa nyumba: mwongozo kamili wa kununua ukiwa Nairobi

Basi langu nililikuta Ruiru, nyuma ya ghala la zamani, kuku wakitaga chini ya ngazi yake. Ni Bedford. Ndani lilikuwa na kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi na mapazia yaliyopauka kwa jua. Watu wanne walikuwa wamekuja kulitazama kabla yangu, na wote waliondoka kwa sababu moja: haliwaki.

Nimekaa na basi hilo miaka kadhaa sasa, na nimewasindikiza marafiki wawili watatu kwenda kukagua ya kwao. Injini iliyokufa ndiyo kasoro inayowafukuza wanunuzi wengi, ilhali ndiyo inayotibika kwa urahisi zaidi katika jiji hili. Shuka Kirinyaga Road, ambako wengi wetu tungali tunakuita Grogan, uulizie injini ya Isuzu ya silinda 6. Kabla ya saa sita utakuwa umeonyeshwa tatu, na fundi wa kuifunga yuko hapo hapo. Chasi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikioza haina duka. Logbuku (hati ya umiliki wa gari) yenye jina la marehemu haina duka. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza mbali na injini, na injini utaikuta katikati.

1. Jua basi limetoka wapi

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Ndivyo kinavyosema kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na KEBS, shirika la viwango. Kwa hiyo basi la kale unalolitaka ni lazima liwe tayari limo nchini na limesajiliwa hapa. Ukiona tangazo la mtu anayesema atakuletea basi la mwaka 1978 kutoka Uingereza, usipoteze muda.

Mengi yaliyopo yalikuwa ya abiria, ya shule, ya kanisa au ya kampuni za safari. Leyland ziliunganishwa Thika tangu miaka ya 1970, katika kiwanda kinachojulikana leo kama KVM (Kenya Vehicle Manufacturers). General Motors Kenya, iliyoanzishwa 1975 na kugeuka Isuzu East Africa mwaka 2017, iliunganisha Bedford na baadaye Isuzu kwa wingi. Historia hiyo ina faida mfukoni: gari lililounganishwa hapa lina spea zilizobaki kwenye rafu za watu, na lina mafundi waliolifungua na kulifunga tangu ujana wao.

Kuna aina nyingine ya kuangalia kwa makini sana: magari ya wageni waliovuka Afrika kwa barabara, wakaishiwa nguvu Nairobi na kuyaacha kwenye kambi za Karen au Langata. Huwa mazuri ndani, yamepangwa kwa akili. Lakini yaliingia kwa kibali cha muda, ile karneti, na ushuru wake haukulipwa. Gari la karneti haliuziki humu nchini mpaka KRA, mamlaka ya ushuru, imalizane nalo, na likishapita umri ule wa miaka 8 usajili wake ni mlima. Kama muuzaji ana namba ya kigeni na hana karatasi ya ushuru uliolipwa, mshukuru kwa chai uondoke.

Namba na rangi pia husema. Namba ya Kenya isiyo na herufi ya mwisho ni ya usajili wa kabla ya mfululizo wa KAA, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwaruza rangi ya ubavuni kidogo kwa ukucha: ukikuta mstari wa manjano chini yake, basi hilo lilibeba abiria baada ya Februari 2004, kanuni za magari ya abiria za marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi wakati huo, zilizodai mstari huo, zilipoanza kutumika. Muuzaji aliyekuambia lilisimama tangu 1999 ana jambo la kueleza.

2. Karatasi kabla ya spana

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nililipa amana kwa mtu mwenye funguo, mwenye kiwanja, mwenye maneno mazuri. Logbuku ilikuwa na jina la kampuni ya mabasi iliyofunga zamani, na yeye alikuwa amelinunua basi kwa karatasi ya mkono kutoka kwa mtu aliyelinunua kwa karatasi ya mkono. Ilichukua miezi tisa kuwapata wakurugenzi. Amana yangu ilikaa kwake muda wote huo, na basi likazidi kuota kutu.

Fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi. Ingia kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uombe nakala ya rekodi za gari kwa namba yake. Itakuonyesha mmiliki, namba ya chasi, namba ya injini, aina ya bodi, na kama kuna benki iliyoandikishwa pamoja na mmiliki kwa sababu ya mkopo. Kisha nenda kwenye basi lenyewe na tochi na brashi ya waya. Namba ya chasi imegongwa kwenye reli ya chuma, mara nyingi upande wa mbele karibu na gurudumu. Safisha kutu, isome herufi kwa herufi, ipige picha. Ikitofautiana hata tarakimu moja na rekodi, simama hapo.

Mmiliki akiwa kampuni, omba hati ya CR12 kutoka kwa Msajili wa Kampuni uone wakurugenzi ni nani na kama wako hai kisheria kusaini. Akiwa marehemu, anayeuza lazima awe na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, iliyothibitishwa. Mjane au mtoto wa kwanza hawezi kukuuzia kwa sababu tu ndiye anayeishi kwenye boma.

Uhamishaji wenyewe huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, wewe unaupokea na kulipia kwenye yako. Kwa hiyo muuzaji asiye na PIN ya KRA wala akaunti hawezi kukuhamishia, hata awe mwaminifu vipi. Mkataba uandikwe na wakili, utaje namba ya chasi, na useme wazi kwamba gari haliwaki. Malipo yapitie benki. M-Pesa ina kikomo cha Sh250,000 kwa mara moja, na wengine huitumia hiyo kama kisingizio cha kupokea vipandevipande bila mkataba.

Mwisho wa karatasi: basi lililogeuzwa nyumba huenda bado limeandikwa basi la abiria la viti 41. Ukiliacha hivyo, bima na kodi ya awali ya magari ya biashara vitakufuata. Panga kubadilisha maelezo ya gari NTSA, pamoja na ukaguzi, na kama utabadilisha injini, namba mpya ya injini iingizwe pia. Risiti ya injini itunze kama cheti cha kuzaliwa. Nayo leseni yako, ikiwa ni ya daraja B, haitoshi kuendesha gari zito kama hili. Anza kutafuta daraja linalofaa mapema.

3. Lala chini

Vaa ovaroli, chukua nyundo ndogo, bisibisi ndefu na tochi, na uende na fundi asiyemjua muuzaji. Mimi nilikwenda na mzee wa Kariobangi aliyefanya kazi ya chasi maisha yake yote. Nilipoanza kumweleza habari za injini alinikatiza: "Kijana wangu, injini ni mgeni. Chasi ndiyo mwenye nyumba." Akaingia chini ya basi.

Alichofanya unaweza kukifanya. Gonga reli kuu mbili za chasi kila baada ya kiganja kimoja, kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, sauti inakwenda mbali. Chuma kilicholiwa husema "du" na kunyamaza, na vumbi jekundu linakumwagikia usoni. Palipofanya "du", chokoa kwa bisibisi. Ikiingia, pana shimo. Rangi nyeusi mpya kabisa chini ya basi la miaka 40 ni ishara ya kushuku; chokoa hapo kwa bidii zaidi.

Sehemu tatu huoza kwanza. Moja ni vishikio vya springi, hasa vya nyuma, ambako tope hujishindilia. Nyingine ni vyuma vya pembeni vinavyotoka kwenye chasi kushika sakafu. Ya tatu ni chini ya bafu na sinki la nyumba, kwa sababu aliyebuni nyumba hiyo hakufikiria maji yanakwenda wapi yakivuja. Vishikio na vyuma vya pembeni hutengenezwa. Fundi mzuri wa kuchomelea atavikata na kuweka vipya. Reli kuu ikiwa imetoboka au imepinda, au imewahi kuchomelewa kipande katikati, mimi naondoka. Najua wapo wanaosema kila kitu kinachomeleka. Mimi sipandishi watoto wangu Limuru juu ya chasi ya viraka.

4. Panda juu, kisha nusa

Paa huliua basi polepole na kimya. Panda ngazi, angalia maungio ya mabati, mistari ya ribiti, na zaidi ya yote kila tundu lililotobolewa na mtu aliyefunga sola, kiyoyozi au kifuniko cha hewa. Silikoni iliyopakwa juu ya silikoni juu ya silikoni inamaanisha palivuja, pakazibwa, pakavuja tena.

Ndani, usisimame katikati ukasifu kabati. Inua godoro. Fungua kila droo, uingize mkono mpaka ukutani. Ng'oa kona ya zulia au linoliamu karibu na mlango na karibu na matairi ya nyuma, ukanyage kwa kisigino. Kwenye basi langu zulia lilikuwa zuri, jekundu la kupendeza. Nilipolifunua chini ya kitanda, plaiwudi ilibonyea kama mkate uliolowa chai, na harufu ya uvundo ikapanda. Nilipata punguzo kubwa kwa kona ile moja.

Jua pia kwamba ukuta mzuri wa mbao unaficha fremu. Bodi nyingi zilizoundwa hapa ni za vyuma vya mraba vilivyofunikwa mabati. Omba ruhusa ya kufungua paneli moja, ile ya chini ya dirisha. Muuzaji akikataa skrubu nne zisifunguliwe, mjadala wa bei uanze kwa kudhania kwamba fremu imeoza.

5. Sasa injini

Swali la kwanza: inazunguka? Usiguse betri bado. Weka giaboksi huru, tia soketi na mpini mrefu kwenye nati ya puli ya mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, uvute taratibu kuelekea upande inakozungukia. Ikizunguka raundi mbili kamili, umepata habari njema. Ikigoma, isilazimishwe. Injekta, vile vinyunyizi vya dizeli, zitolewe, kila silinda itiwe mafuta mepesi kidogo, iachwe siku tatu nne, ijaribiwe tena. Pistoni zilizoshikwa na kutu kidogo mara nyingi huachia. Zisipoachia, hesabu bei ya injini nyingine na uendelee na mazungumzo.

Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni sawa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: huenda ni gasketi, huenda ni silinda hedi iliyopasuka kwa sababu mtu aliendesha bila maji kwenye rejeta. Fungua rejeta nayo. Utelezi wa mafuta juu ya maji unaleta habari ile ile.

Kisha uliza kwa nini lilisimama. Uliza muuzaji, halafu, akiwa hayupo, muulize mlinzi wa kiwanja. Basi lililosimama kwa sababu mwenyewe alihama au alikufa ni tofauti kabisa na lililovutwa likiwa limenoki, yaani injini imeharibika ndani. Mlinzi wa Ruiru aliniambia waziwazi, "Hili lilikuja likijiendesha, boss. Liliingia hapa usiku likinguruma." Maneno hayo yalinisaidia kuliko picha zote za muuzaji.

Usimruhusu mtu alipige stata kwa dizeli iliyomo kwenye tangi. Dizeli iliyokaa miaka ina maji, kutu na uchafu wa ukungu, na pampu ya injekta ndiyo kifaa cha bei kuliko vyote hapo. Jaribio la haki ni jerikeni safi ya dizeli mpya, mpira (fleksi) unaoingia moja kwa moja kwenye pampu ya kuvutia mafuta, filta mpya, hewa itolewe kwenye mfumo, oili mpya, na betri nzuri. Hakikisha kwanza mfumo ni wa volti ngapi; mabasi mengi makubwa ni volti 24, betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Na kabla ya kuwasha, hakikisha kuna namna ya kuizima injini kwa kuikatia mafuta au hewa, maana dizeli iliyokwama pampu haizimwi kwa ufunguo.

Moshi usikutishe haraka. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya zamani isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hapa hutoa moshi mweusi kidogo hata ikiwa nzima. Mweupe unaoisha ikipata joto ni kawaida ya iliyolala muda mrefu. Wa buluu usioisha ni oili inayoungua.

6. Breki na matairi

Fupi tu: hesabu vyote ni vibovu. Raba za breki hukauka, silinda hushika kutu, dayaframu za breki za upepo hupasuka. Tairi lina tarakimu nne za tarehe, kwa mfano 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata, yaani meno ya tairi, ikiwa nzima lakini tairi lina miaka zaidi ya 10, ni la kuvutia basi mpaka gereji tu. Kama rimu ni zile za zamani zenye pete ya chuma, lisijazwe upepo na mtu aliyesimama mbele yake. Ile pete ikichomoka inaua. Vivyo hivyo chemba za breki zenye springi kubwa ndani: asifungue mtu ambaye hajawahi.

7. Nyumba iliyo ndani

Thamini vitu vinavyohamishika tu: jiko, friji, sola, betri za nyumba, tangi. Nyaya zihesabiwe sifuri. Nimeona nyaya za spika zikibeba umeme wa friji, na stima ya volti 240 ikipita bomba moja na ya volti 12. Zote zing'olewe, zifungwe upya zikiwa na fyuzi karibu na betri.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni na kukaa. Kwa hiyo mtungi unahitaji kabati lake lisilo na upenyo wa kuingia ndani ya basi, lenye tundu la hewa chini kabisa linalotoka nje. Ukikuta mtungi wa kilo 13 umesimama chini ya kitanda, utoe siku hiyo hiyo, hata kabla hujafika nyumbani.

Maji nayo ni uzito. Tangi la lita 500 likijaa ni nusu tani, na ukiliweka upande mmoja nyuma ya ekseli, springi za upande huo zitainama. Angalia basi kwa mbali kutoka nyuma: limelala upande?

8. Bei

Piga simu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wenye leseni, uulize bei ya kilo siku hiyo. Basi kubwa tupu huwa na tani 7 hadi 10, ingawa si zote ni chuma. Hiyo ndiyo bei ambayo muuzaji anaweza kupata kesho bila wewe, na chini ya hapo hatashuka. Juu yake ongeza thamani ya vitu vinavyohamishika, na thamani ya karatasi safi, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya injini. Kisha keti na fundi muandike gharama ya injini nyingine iliyofungwa, breki zote, matairi yote na kuchomelea. Muuzaji atataka uhesabu injini kama "ndogo tu, ni betri." Kama ni betri, ainunue yeye, aliwashe, na bei ipande kwa haki.

Kabla ya kukubaliana, jibu swali la mahali pa kuliweka. Kando ya barabara ya mtaa haiwezekani, kanju, askari wa jiji, watakuja. Gereji hutoza kwa siku, na mradi wa wiki sita hugeuka wa miezi kumi. Pata ploti Kitengela, Kamulu au Ruiru, yenye lango pana, na upime urefu wa basi na nyaya za stima zinazoning'inia njiani.

9. Kulivuta

Tafuta brekidauni ya kuvuta malori, siyo ya magari madogo. Mwambie dereva mapema kama breki ni za upepo: zile zenye springi hushika magurudumu pindi upepo ukiisha, na basi litaburutwa matairi yakiungua. Ama gari linalovuta lilishe upepo kwa mpira, ama fundi aziachie kwa boliti zake maalumu. Jambo la pili ambalo wengi hulisahau ni propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Giaboksi hujipaka oili ikizungushwa na injini. Basi likivutwa injini imezimwa, magurudumu huzungusha giaboksi kavu. Fungua propela upande wa difu, yaani kwenye ekseli ya nyuma, ifunge juu kwa waya, kisha vuta. Tukio zima lifanyike asubuhi ya Jumapili, kabla Thika Road haijachangamka.

10. Safari ya kwanza

Likishawaka, likikaguliwa na kupata bima, usikimbilie Naivasha. Mteremko wa Mai Mahiu ulio njiani umejaa malori, na si mahali pa kujulia kwamba breki hupungua nguvu zikipata joto. Mimi nilikwenda Kiserian na kurudi, bila abiria, tangi la maji likiwa tupu, fundi akiwa kiti cha pembeni. Kila kilomita 10 tulisimama. Aliangalia chini kama kuna tone, akasikiliza injini, kisha akazunguka gari akiweka kiganja katikati ya kila gurudumu. Mengine yote yalikuwa vuguvugu. La nyuma kushoto aliligusa akauondoa mkono haraka. "Hili linashika," akasema, akafungua sanduku la spana pale pale kando ya barabara.